Kanda za bibi: Audacity, RX au akili mnemba?

Chini ya kitanda cha marehemu bibi yangu, huku Mkomani, Lamu, kulikuwa na katoni ya sabuni iliyojaa kanda za kaseti. Nyimbo za harusi, maulidi ya msikiti wa Riyadha, darsa za alasiri, na barua za sauti ambazo mjomba alikuwa akizituma kutoka Jeddah zama zile simu ilikuwa jambo la kwenda kuipangia foleni. Tulikubaliana kila mtu wa nyumba apate nakala. Mwenye kompyuta ni mimi, basi kazi nikaachiwa.

Kila anayesikia habari hii huniuliza: ile shii inayosikika nyuma ya sauti umeiondoa kwa programu gani? Nimejaribu tatu, kwa kanda zilezile. Ya bure, yaani Audacity; ya kulipia, yaani RX ya kampuni ya iZotope; na tovuti ya akili mnemba, ile ya Adobe Podcast inayosafisha maneno. Nitazilinganisha. Ila jibu langu la kwanza huwa haliwafurahishi watu: nusu ya kazi ya kusafisha ilifanyika kwa bisibisi na pamba, kompyuta ikiwa bado imezimwa.

Mashine ya kuchezea kanda

Wengi huanza na kile kidude cha plastiki kinachofanana na Walkman, chenye waya wa USB. Nilianza nacho mimi pia. Ni rahisi, hakitaki kitu kingine, unachomeka tu. Lakini mota yake husikika ndani ya rekodi, na mwendo wake hautulii. Kanda ya kasida ilitoka nai, yaani filimbi, ikiyumbayumba kama mtu aliyepanda mtumbwi mara ya kwanza. Shii unaweza kuipunguza baadaye, lakini sauti inayoyumba ni kazi ya fundi wa hali ya juu na programu ya bei. Kwa darsa moja unayotaka kuisikiliza na kuiweka, kidude hicho kinatosha. Kwa katoni nzima, hapana.

Deki ya kaseti, zile za kuweka juu ya kabati sebuleni, ndiyo njia nyingine. Niliyoipata ilikuwa haizunguki, mpira wake umeyeyuka ukawa kama lami. Fundi akaweka mwingine. Nyuma ya deki kuna matundu mawili, jekundu na jeupe, ya kutolea sauti. Kutoka hapo waya unaingia kwenye kisanduku kidogo cha sauti, kisha USB hadi kwenye laptopu. Usichomeke deki kwenye tundu la hedifoni la laptopu. Tundu lile upande wa kuingiza sauti ni la maikrofoni, huchukua upande mmoja tu na huikuza sauti pamoja na uchafu wake.

Sasa bisibisi. Kando ya hedi, ile sehemu inayogusana na kanda, pana skrubu ndogo yenye springi. Skrubu hiyo ndiyo huamua hedi imesimama wima au imeinama kidogo. Kila redio kaseti iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake, na hedi yako isipolingana nao, sauti kali zinapotea: herufi s na f za msemaji, mlio wa vibati vya matari. Shii haipotei, kwa sababu yenyewe haina habari na mwinamo. Unabaki na kelele ileile na sauti iliyofifia, halafu unailaumu programu. Cheza kanda, changanya kulia na kushoto viwe kitu kimoja, zungusha skrubu polepole, chini ya robo mzunguko, usimame pale sauti inapong'aa zaidi. Fanya hivyo kwa kila kanda. Mimi nilipofanya kwa barua ya kwanza ya mjomba, shangazi aliyekuwa jikoni alitoka na mwiko mkononi.

Mengine niyapitie haraka. Futa hedi na kijiti cha chuma kinachovuta kanda kwa pamba na alkoholi isiyo na mafuta wala manukato. Kanda yenye ukungu mweupe kwenye utepe usiicheze, utaupaka kwenye hedi na kuuambukiza kwa kanda zote zitakazofuata. Na kwa unyevu wetu wa masika, angalia kila moja dirishani kwanza. Swichi ya Dolby iache imezimwa isipokuwa kanda ilirekodiwa kwa Dolby. Ilibuniwa, kwa upande wa Dolby B mwaka 1968, ikuze sauti kali ndogondogo wakati wa kurekodi kisha izishushe wakati wa kucheza, na shii ishuke nazo kiasi cha desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Ukiiwasha kwa kanda ambayo haikukuzwa hivyo wakati wa kurekodi, unashusha sauti ya mtu tu. Redio kaseti nyingi za majumbani hazikuwa na kitu hicho.

Chomoa chaja ya laptopu ukirekodi. Nitarudi hapo.

Rekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, vilele vya sauti visipite desibeli 6 chini ya sifuri, yaani chini ya kikomo cha juu cha rekodi. Dakika moja ya faili la WAV la namna hiyo, pande mbili, ni kama megabaiti 17, kwa hiyo kanda ya dakika 60 ni takriban gigabaiti moja. Na hakuna njia ya mkato, kanda ya saa moja huchukua saa moja.

Kabla ya programu, ijue shii yenyewe

Watu hudhani shii ni uzee. Kanda mpya ndani ya nailoni nayo inayo. Utepe una upana wa milimita 3.81 na unapita mbele ya hedi kwa sentimita 4.76 tu kila sekunde. Chembe za chuma zilizo juu yake hazilali sawa, na kutolala sawa huko ndiko kunakosikika. Philips ilipoitoa kaseti mwaka 1963 haikuwa ikiwaza muziki mkubwa, ilikuwa ikiwaza maneno. Kwa hiyo yupo anayetaka kanda isikike kama rekodi ya simu ya mwaka huu, na huyo nampa pole mapema.

Juu ya shii kuna mvumo wa umeme, mngurumo wa mota ya redio iliyorekodi, na kelele za mahali: feni, watoto, punda, kasikazi mlangoni. Programu hizi tatu hazizitazami kelele hizo kwa jicho moja.

Audacity hutaka uionyeshe kelele peke yake. Unachagua sekunde moja au mbili ambazo hakuna anayesema, unaipimisha, kisha unachagua rekodi nzima na kuiambia ipunguze. Kwenye menyu utaikuta imeandikwa Noise Reduction. Inagawa sauti katika vipande vingi kutoka nene hadi kali, na kila kipande ambacho hakijapanda juu ya kipimo cha kelele hukishusha. Ni kama bawabu wengi mno, kila mmoja na mlango wake.

RX nayo hufanya hivyo, lakini inaweza kufuatilia kelele inayobadilika, ina chombo cha pekee cha mvumo wa umeme, na inakuchorea sauti kama picha: muda unakwenda kulia, ukali unapanda juu. Unaona kikohozi. Unaweza kukizungushia mstari ukakifuta, maneno yakabaki.

Tovuti ya akili mnemba haikuulizi kitu. Unapandisha faili, unangoja, unapewa jingine. Kwa ninavyoisikia mimi, haisafishi kwa maana ya kufuta vumbi. Inasikiliza yaliyosemwa kisha inaitengeneza sauti ya msemaji upya, kana kwamba alikuwa studio.

Barua ya mjomba kutoka Jeddah

Hapa ni sauti ya mtu mmoja tu, redio mbele yake, maikrofoni ya ndani. Ungedhani ni kazi nyepesi.

Audacity ilinishinda mara ya kwanza, na kosa lilikuwa langu. Nilichukua sampuli ya kelele mwanzoni mwa kanda, kabla mjomba hajabonyeza kitufe. Ile ni shii ya kanda tupu, sio kelele ya chumba chake. Chukua sampuli pale rekodi imeshawaka na msemaji amenyamaza. Hata hapo pana mtego. Redio kaseti nyingi hazikuwa na kitufe cha kiwango cha kurekodi, zilijirekebisha zenyewe: mtu akinyamaza, redio inapandisha, akisema, inashusha. Kwa hiyo kelele ya kwenye kimya ni kubwa kuliko kelele iliyo chini ya maneno. Ukiipa Audacity ile kubwa kama kipimo, itakata na maneno. Nilichukua kimya kifupi cha katikati ya sentensi, pale redio haijapata muda wa kupandisha, nikapunguza desibeli 8 tu badala ya 20. Kuna pia sehemu ya kusikiliza kile kinachoondolewa. Itumie. Ukisikia shii peke yake, endelea. Ukisikia mtu anakunong'oneza kutoka humo, umezidisha.

Mvumo wa umeme ndio ulionifurahisha. Niliweka kichujio cha hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, mvumo ukabaki palepale. Nikakaa nao siku mbili. Kisha nikakumbuka: umeme wa Saudia ni hezi 60, wa Kenya 50. Kanda ilikuwa imebeba mvumo wa nyumba ya mjomba, na laptopu yangu, ikiwa kwenye chaja, ikauongezea wa Lamu. Ule wa 50 uliondoka nilipochomoa chaja, bila programu yoyote. Wa Jeddah nilipouangalia kwenye mchoro haukuwa 60 kamili, ulikuwa karibu 62. Maana yake ama redio yake ilikuwa ikienda pole alipokuwa akirekodi, ama deki yangu inakimbia. Nikapunguza mwendo kwa asilimia 3 na sauti ya mjomba ikashuka ikawa yake. Usifute mvumo kabla hujautumia kama rula.

RX iliuondoa mvumo huo na vitukuu vyake, 120, 180 na kuendelea, kwa kubonyeza mara mbili. Audacity nayo inaweza, ila unachuja mmoja mmoja kwa mkono. Tofauti ya matokeo sikuisikia. Tofauti ya muda ni ya saa nzima.

Tovuti ilitoa sauti safi kuliko zote. Safi mno. Mjomba kama mtangazaji wa redio. Nikampigia shangazi, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mbona kama si yeye, mwanangu? Rudia pale.” Nikarudia. Mjomba husema Kiamu chake, lahaja ya Lamu, na pale alipotamka “nti”, yaani nchi, ile n ya mwanzo ilikuwa haipo, imebaki “ti”. Sauti ya n iliyo peke yake, ndogo na nene, imefanana na mvumo ikaondoka nao. Mahali pengine alipocheka kidogo kwa puani, kicheko kimegeuka pumzi. Mashine inakisia, na haikuwahi kukaa barazani Langoni, mtaa wa hapa Lamu. Kwa darsa ya Kiswahili sanifu ambayo unataka tu wanafunzi waelewe, nitaitumia bila wasiwasi. Kwa barua ya mtu, au utenzi ambao neno moja likibadilika mizani inavunjika, siipi. Na barua zile zina mambo ya ndani: nani amekopa, nani ameposwa akakataliwa. Kuzipandisha kwenye kompyuta za watu ughaibuni ni jambo la kuuliza wazee kwanza.

Harusi, na kosa nililofanya usiku mmoja

Kanda ya harusi ina vugo. Kwa asiyejua, ni pembe za nyati ambazo wanawake huzigonga kwa vijiti wakiimba. Kila pigo ni kavu, fupi, kali. Nilikuwa nimechoka, nikaamua kupitisha kanda nzima kwenye chombo cha Audacity cha kuondoa mikwaruzo, kile kilichotengenezwa kwa santuri. Kikazila pembe. Zilibaki zikisikika kama vidole juu ya mto.

Kwenye muziki wa namna hii chombo cha mikwaruzo usikiguse, kiwe cha Audacity au cha RX, isipokuwa unachagua mkwaruzo mmoja uliouona kwa macho. Tovuti ya akili mnemba ndiyo usiiwaze kabisa. Nilijaribu dakika mbili kwa udadisi: ikamchukua mwimbishaji ikawafuta waitikiaji, kwa kuwa walikuwa mbali na maikrofoni. Vigelegele vikawa kama bomba linalovuja. Imetengenezewa maneno, tusiionee.

Audacity kwa desibeli 6 ilitosha. Ukipunguza zaidi, kati ya pigo na pigo unaanza kusikia vijilio kama vijidudu vya chuma, au sauti inakuwa kama imetoka chini ya maji. Wanaoijua kazi hii hupitisha mara mbili kidogokidogo kuliko mara moja kwa nguvu, nami nimeona ni kweli. RX kwa kanda hii ilikuwa bora kiasi, vijidudu vilichelewa kutokea. Kiasi cha mamia ya dola? Kwa harusi moja, sioni.

Katikati ya kanda hiyo punda analia, kwa urefu, juu ya beti nzuri kuliko zote. RX inaweza kumtoa. Nilimzungushia mstari kwenye picha, sauti yake inaonekana kama ngazi za njano, nikamfuta vizuri sana, nikamsikilizisha shangazi kwa fahari. Akaniangalia. “Mwate,” akasema, yaani mwache. “Huyo ni punda wa babuyo.” Nikamrudisha.

Maulidi

Hapa ndipo nilipomwona RX akistahili bei yake, na hata hivyo kwa shida. Nai, ile filimbi ya kasida, ina pumzi ndani ya mlio wake, na pumzi hiyo ni shii. Kwa programu, shii ya kanda na shii ya mdomo wa mpigaji ni kitu kimoja. Audacity ikipimwa kwa kimya kilicho kabla ya kuanza, huikata pumzi na nai inabaki kama kinanda cha kuchezea. RX ilinipa nafasi ya kusema: huku chini punguza, hapa kati gusa kidogo, huku juu ya hezi 9,000 shusha utakavyo kwa sababu kanda yenyewe haikubeba kitu huko. Jambo hilo la mwisho unaweza kulifanya na Audacity kwa kushusha sauti kali kabisa kwa ikwalaiza, chombo cha kupandisha na kushusha sauti nene na kali, bila kupunguza kelele popote pengine. Nilifanya hivyo kwa kanda nne za maulidi na sijaijutia. Shii imebaki, lakini imekaa nyuma, na masikio huisahau baada ya dakika moja.

Kuna kanda moja ya maulidi ambayo mvumo wake unapanda na kushuka, 49, 51, 50, kama unaotembea. Nadhani ni zama mji ulipokuwa ukiwashwa kwa jenereta za dizeli. Kichujio kilichosimama mahali pamoja hakiupati. Hapo RX, inayoufuata mvumo unapokwenda, haina mpinzani kati ya hizi tatu.

Kwa hiyo uchukue ipi

Kama huna hela ya kutupa na una kanda chini ya mia, Audacity, na muda wako uutumie kwenye hedi na sampuli nzuri ya kelele. Nimeitumia kwa kama kanda nane katika kila kumi. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na laptopu ya zamani haiihangaishi.

RX ichukue ukiwa unafanya kazi hii kwa malipo, au una kanda moja ya thamani iliyoharibika kwa namna ya ajabu. Ina toleo la majaribio la muda. Kusanya kanda zako ngumu zote, zirekodi kwanza, ndipo ulipakue, uzifanye zote kwa mfululizo. Nilivyofanya mimi ndivyo hivyo, na kompyuta ilipata joto la kuchomea mkate.

Tovuti itumie kwa hotuba na darsa, maneno matupu, pale lengo ni kueleweka. Hesabu bando pia: faili la gigabaiti moja kupanda kwa mtandao wa simu hapa ni safari ya jahazi. Ligeuze kwanza kuwa upande mmoja na dakika chache.

Chochote utakachochagua, faili la kwanza lililotoka kwenye deki liweke lilivyo, kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa karibu nusu bila kupoteza chochote. Mimi huliita “ghafi” na tarehe, na lililosafishwa “safi”. Ghafi zipo kwenye diski mbili, moja Lamu na moja kwa binamu yangu Mombasa.

Ukiwatumia jamaa kwa WhatsApp, tuma kama hati, sio kama sauti ya kubonyeza na kurekodi kutoka spika ya laptopu, kama alivyofanya mtu mmoja wa kwetu akasambaza maulidi yaliyojaa feni ya sebuleni kwake.